Kinanda Katika Ibada ya Ndoa: Muziki Huchaguliwaje?

Wachumba wanaomfuata mpiga kinanda kuzungumza habari za ndoa yao mara nyingi hufika na simu mkononi, na ndani ya simu mna video ya harusi iliyofungwa katika kanisa kuu la mawe huko Ulaya: mabomba ya kinanda yamepanda ukutani hadi karibu na dari, sauti inatikisa madirisha, na bibi harusi anakuja taratibu. "Mwalimu, tunataka huu," huniambia. Nimelisikia ombi hilo kwa miaka mingi na silidharau, maana aliyeleta video amekwisha kuhisi kwamba muziki utaibeba siku yake. Lakini kabla sijasema ndiyo au hapana huwauliza maswali ambayo huwashangaza. Kutoka mlango mkubwa hadi altareni ni hatua ngapi? Nani ataingia na nani, na watatangulia akina nani? Ndoa itafungwa tarehe gani? Vyeti vitasainiwa hapo hapo mbele ya waamini au sakristia? Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayochagua muziki. Jina la wimbo hufuata baadaye, na mara nyingi linakuja lenyewe.

Tuanze na kuingia, kwa kuwa ndiko watu wengi wanakoweka moyo wao wote. Chukua kanisa ambalo njia yake ya katikati ina urefu wa mita 30. Bibi harusi aliyevaa gauni refu hatembei kama mtu anayewahi daladala. Hatua yake haizidi nusu mita, na kwa mwendo wa maandamano kila hatua inakula sekunde 2. Hizo ni hatua 60, yaani dakika 2 kamili, naye hajaingia peke yake: wapo watumishi wa altare na padre, wapo wasimamizi, wapo watoto wa maua, na mtoto wa miaka minne anaweza kusimama katikati ya njia kwa sababu amemwona shangazi yake. Kwa hiyo mpiga kinanda anahitaji muziki unaoweza kudumu dakika 3 au dakika 6, na asijue ni ipi kati ya hizo mpaka jambo lenyewe litokee.

Mwanzoni sikulijua hilo. Katika moja ya ndoa za kwanza nilizopiga nilichagua kipande kizuri, chenye mwanzo wake, kati yake na mwisho wake, nikakipiga bila kosa hata moja, nacho kikaisha bibi harusi akiwa kwenye benchi la nne kutoka mlangoni. Alisimama. Baba yake naye akasimama, wakatazamana, na kanisa zima likageuka kunitazama mimi. Tangu siku hiyo nimefunga kioo cha pembeni cha pikipiki juu ya kibao cha kuwekea nota, kwa kuwa ninakaa nimeupa mlango mgongo. Ndani ya kioo kile njia nzima inaonekana ndogo, na bibi harusi ni doa jeupe linalokua kidogo kidogo. Doa likifika usawa wa nguzo ya mwisho, najua nimebakiwa na mistari miwili ya kumalizia.

Hapa ndipo umbo la muziki linapokuwa na maana kuliko uzuri wake. Vipo vipande vyenye milango mingi ya kutokea, ambavyo mpigaji anaweza kuvifunga karibu wakati wowote bila msikilizaji kuona kwamba amekatishwa. Maandamano ya Mwanamfalme wa Denmark, yaliyotungwa na Jeremiah Clarke wa Uingereza karibu mwaka 1700, ni mfano bora kabisa. Wimbo mkuu unapigwa kwa sauti ya tarumbeta, unafuata mchepuko mfupi, wimbo mkuu unarudi, mchepuko mwingine, unarudi tena. Kila unaporudi ni kituo cha kushukia. Kwa miaka mingi kipande hiki kilidhaniwa kuwa cha Henry Purcell, na katika vitabu vingine vya nota bado utakikuta na jina hilo. Ndicho alichoingilia Diana alipoolewa na Mwanamfalme Charles wa Uingereza katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, London, tarehe 29 Julai 1981, katika safari ya kutoka mlangoni hadi mbele iliyochukua dakika tatu na nusu, na nguo yake ikiburutika nyuma kwa zaidi ya mita 7. Kanoni ya Johann Pachelbel inafanya kazi hiyo kwa njia nyingine: chini yake kuna besi ya noti 8 tu inayorudiwa mara 28, na kila mara inapokamilika, muziki unaweza kufungwa. Jambo la kustaajabisha ni kwamba Pachelbel mwenyewe alikuwa mpiga kinanda, lakini kanoni hii aliiandikia fidla tatu pamoja na besi. Wapiga kinanda tumeiazima, na inatufaa vizuri.

Swali linalofuata ni la chombo, na hapa wachumba hudanganywa sana na video. Neno letu "kinanda" limebeba vyombo vitatu vinavyotofautiana mno. Kinanda cha mabomba kinapulizwa kwa upepo: unapobonyeza kitufe, valvu inafunguka na hewa inapita katika bomba. Bomba la futi 8, yaani mita 2.4 hivi, linatoa noti ya chini kabisa, iliyo mwisho wa vitufe upande wa kushoto; lile la futi 16 linatoa noti hiyo hiyo oktava moja chini zaidi, nawe unaisikia kifuani kabla hujaisikia masikioni. Namna hiyo ya kinanda ipo katika makanisa machache ya Afrika Mashariki, kama Kanisa Kuu la Watakatifu Wote jijini Nairobi na Kanisa Kuu la Namirembe jijini Kampala. Cha pili ni kinanda cha umeme kilichoundwa kwa kuiga kile cha mabomba, chenye safu mbili za vitufe vya mikono na safu moja ya vitufe vya miguu. Cha tatu ndicho kilichomo katika parokia na sharika zetu nyingi: kibodi ya vitufe 61, yaani oktava tano, iliyowekwa juu ya stendi na kuchomekwa kwenye spika za kanisa.

Sisemi hivyo kwa kuidharau kibodi. Nimeipiga nusu ya maisha yangu na ninaipenda. Nasema hivyo kwa sababu muziki uliotungwa kwa chombo kimoja unaweza kufa kwenye kingine. Mfano ulio wazi kuliko yote ni Tokata ya Charles-Marie Widor, kipande cha mwisho katika Simfonia yake ya Tano ya kinanda iliyotoka mwaka 1879, ambacho ndicho kimo katika nyingi ya video ninazoletewa. Widor alikuwa mpiga kinanda wa kanisa la Saint-Sulpice jijini Paris tangu mwaka 1870 hadi 1933, mbele ya mojawapo ya vinanda vikubwa kuliko vyote Ufaransa, na Tokata aliiandika kwa ajili ya chombo cha namna hiyo. Mikono inakimbia juu bila kupumzika, ila wimbo wenyewe, ule unaokufanya usimame wima, uko miguuni. Mtu akiipiga kwenye kibodi isiyo na vitufe vya miguu, anabakiwa na mbio za vidole na wimbo umetoweka. Ni sawa na kuandaa pilau ukasahau mchele. Kwenye kibodi napendekeza vipande vya sauti tatu au nne vinavyokaa mikononi: kanoni ya Pachelbel, maandamano ya Clarke, au ile korali, yaani wimbo wa kanisa wa Kilutheri, ya Bach kutoka kantata (kazi ya waimbaji na vyombo) namba 147 ya mwaka 1723, ambayo Waingereza na Wamarekani wameifanya kuwa rafiki wa kila harusi. Kantata ile Bach aliitayarishia sikukuu ya Bikira Maria kumtembelea Elizabeti, kwa hiyo hata kwa asili yake inakaa kanisani bila kuhojiwa na mtu.

Kosa la kinyume nalo lipo. Wimbo wa piano au gitaa unaopendwa redioni hauhamii kwenye kinanda kwa urahisi, kwa sababu sauti ya piano huanza kufifia mara tu baada ya kupigwa, ilhali ya kinanda hukaa vile vile mpaka kidole kiinuke. Vile vituo vya kimahaba ambavyo kwenye piano vinayeyuka polepole, kwenye kinanda vinasimama kama ukuta. Pia kubonyeza kwa nguvu au kwa upole hakubadilishi ukubwa wa sauti ya kinanda cha mabomba. Mabadiliko yanaletwa na vishikizo vya kuchagulia sauti.

Halafu kuna mahali penyewe. Vitabu vya ushauri vilivyoandikwa Uingereza au Marekani humtazamia bibi harusi anayeingia watu wakiwa kimya. Kwetu anaingia katikati ya vigelegele, makofi, kanga zinazotandikwa chini, na wapiga picha wanaorudi kinyumenyume mbele yake. Ile Air ya Bach, ambayo ni laini kama pumzi ya mtoto aliyelala, itamezwa yote kabla ya mstari wa pili, na mvua ikinyesha juu ya bati hata mpigaji hatajisikia. Ndiyo maana katika parokia nyingi za Tanzania maandamano ya kuingia hayaachiwi kinanda peke yake: kwaya inaimba, waamini wanaitikia, kinanda kinashikilia ufunguo, yaani kimo cha sauti cha wimbo, na mapigo, na maharusi wanaingia kwa mwendo wa wimbo. Kwa maoni yangu huo ni uchaguzi ulio bora kuliko wa kuiga video, kwa sababu wimbo unaoimbwa na watu mia tatu hauwezi kuzidiwa na vigelegele. Vigelegele vinakuwa sehemu yake. Muziki laini wa kinanda pekee nao una nafasi yake, nami nitaufikia.

Kabla ya hapo, tuyatazame yale maandamano mawili maarufu ambayo filamu zimetuzoesha. La kuingilia linatoka katika opera ya Richard Wagner, Lohengrin, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Weimar tarehe 28 Agosti 1850. Katika hadithi, wimbo huo hauimbwi kanisani wala bibi harusi haendi altareni; ndoa imekwisha kufungwa, na watu wanawasindikiza maharusi chumbani. Usiku huo huo bibi harusi anauliza swali aliloapa kutouliza, mume anamwacha, na opera inaisha kwa kifo cha bibi harusi huyo. La kutokea ni la Felix Mendelssohn, alilolitunga mwaka 1842 kwa ajili ya tamthilia ya Shakespeare, na lilipata sifa yake ya harusi tarehe 25 Januari 1858, binti mkubwa wa Malkia Victoria alipoolewa na mwanamfalme wa Prussia. Mapadre na wachungaji wengi huyakataa yote mawili kwa kuwa yametoka jukwaani. Mimi sina ugomvi na la Mendelssohn. Ni muziki wa furaha halisi. La Wagner silipigi, na wachumba wakisikia hadithi yake mara nyingi hawaliombi tena.

Mendelssohn, hata hivyo, ametuachia kitu kinachofaa zaidi kuliko maandamano yale. Dada yake Fanny, aliyekuwa mtunzi naye, aliolewa Berlin tarehe 3 Oktoba 1829. Felix alikuwa amemwahidi kipande cha kinanda cha siku hiyo, lakini alikuwa London, akaumia mguu kwa ajali ya gari la farasi, na ahadi haikutimia. Fanny alitunga mwenyewe muziki wa kinanda wa ndoa yake, na kipande cha kutokea alikiandika usiku wa kuamkia siku yenyewe. Vipande vyake viwili, kimoja katika ufunguo wa Fa na kingine wa Sol, vinapatikana hadi leo. Naye Felix, miaka kumi na mitano hivi baadaye, aliurudia muziki ule aliomkusudia dada yake akaufanya mwanzo wa Sonata ya Tatu ya kinanda, iliyochapishwa mwaka 1845 pamoja na nyingine tano. Ufunguzi wake katika ufunguo wa La ni wa kifahari, wenye hatua pana, na unafaa sana kuingilia. Lakini ukiendelea kupiga bila kusoma mbele, utajikuta kwenye fuga nzito, yaani muziki wa sauti zinazofukuzana kwa wimbo mmoja, na chini yake miguuni inapita korali ya toba ya Kilutheri iliyojengwa juu ya Zaburi ya 130, "Toka vilindini nimekulilia." Mpigaji mwangalifu anafunga kabla ya hapo. Mfano huu ninautoa mara kwa mara kwa wanafunzi wangu, kwa maana unaonyesha kwamba jina la kipande halikuambii kila kilichomo ndani.

Upo upande wa sheria za ibada, nao unasumbua watu kwa sababu huelezwa juma la mwisho, kadi zikiwa zimekwisha kusambazwa. Katika Kanisa Katoliki, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, ulikiweka kinanda cha mabomba katika heshima ya juu, na kuruhusu vyombo vingine vinavyofaa mahali patakatifu. Maagizo ya mwaka 1967 kuhusu muziki mtakatifu yalitaja nyakati ambazo chombo kinaweza kupigwa peke yake katika Misa: mwanzoni kabla padre hajafika altareni, wakati wa matoleo, wakati wa Komunyo, na mwishoni. Kisha kuna majira. Katika Majilio kinanda kinapigwa kwa kiasi. Katika Kwaresima kinaruhusiwa kusindikiza uimbaji tu, isipokuwa Dominika ya nne, sherehe na sikukuu. Kwa hiyo wachumba waliopewa Jumamosi ya Kwaresima kwa ruhusa maalumu hawana kipande cha kinanda pekee cha kuchagua. Wana nyimbo za kuimbwa. Ndiyo sababu naliuliza swali la tarehe mapema.

Jambo moja linaombwa sana, nami nalipinga kwa moyo wote: kinanda kipigwe polepole chini ya viapo, "ili kuleta hisia." Mwongozo wa Jumla wa Misale unasema kwamba padre anaposali kwa sauti sala zake kama kiongozi, kinanda na vyombo vyote vinyamaze. Viapo vinastahili kimya hicho hicho, na sababu yake ni nzito. Kanuni ya 1057 ya sheria ya Kanisa inafundisha kwamba ndoa inafanywa na ridhaa ya wawili wenyewe, wala hakuna mamlaka ya kibinadamu inayoweza kuziba nafasi ya ridhaa hiyo. Mashahidi wamekuja kuyasikia maneno yale. Bibi harusi mwenye sauti ndogo, kipaza sauti kinachokoroma, feni za dari, na juu yake kinanda: mama aliyekaa benchi la mwisho atakuwa amemsindikiza binti yake bila kusikia neno hata moja la ahadi yake. Wakati huo mimi huondoa kabisa mikono kwenye vitufe na kuiweka magotini.

Kimya hicho kikipita, kinafuata kipindi ambacho karibu hakuna mchumba anayekipangia muziki, nacho kwa maoni yangu ndicho chumba kizuri kuliko vyote cha kinanda: kusaini. Mfungishaji, maharusi na mashahidi wao wawili wanaweka sahihi zao kwenye kitabu na vyeti, na kila mmoja anapoinama na kalamu, mpiga picha anaomba arudie. Ibada imesimama, watu wamekaa, vigelegele vimetulia kidogo, na kuna dakika 8 au 10 za kujaza. Hapa ndipo Air ya Bach, korali ya kantata 147, au tafakari tulivu juu ya wimbo wa kitabuni inapopata masikio. Hapa pia ndipo Ave Maria ya Schubert inapofaa pale mchungaji au padre anapoikubali. Ni vema kujua kwamba Schubert aliitunga mwaka 1825 kwa maneno ya shairi la Walter Scott yaliyotafsiriwa kwa Kijerumani, sala ya msichana aliyejificha mwambani, na maneno ya Salamu Maria ya Kilatini yaliwekwa baadaye. Ile iitwayo ya Gounod inakaa juu ya preludi ya Bach katika ufunguo wa Do, nayo hata bila mwimbaji inapendeza.

Ndugu zetu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) wana hazina nyingine, yaani korali za kitabu cha Mwimbieni Bwana, na mpiga kinanda anayezijua hahitaji kwenda mbali. Usharika ukikubaliana na maharusi nyimbo mbili au tatu ambazo watu wanaziimba bila kufungua kitabu, kinanda kinaweza kutoa utangulizi wa wimbo huo huo kabla, na kuurudia kwa namna nyingine wakati wa kusaini, ibada yote ikapata uzi mmoja. Sharti pekee ni ufunguo. Ndoa ya saa nne asubuhi ina sauti ambazo hazijafunguka, kwa hiyo teremsha ufunguo kwa toni moja.

Kutoka kunahitaji nguvu na hakuhitaji hesabu kali, kwa sababu hakuna anayesubiri muziki uishe. Hapa kipande kirefu ni ruhusa, na mwenye kinanda chenye vitufe vya miguu anaweza kuitoa Tokata yake yote ya dakika 6. Asiikimbize: Widor aliirekodi mwenyewe mwaka 1932, akiwa na umri wa miaka 88, kwa mwendo wa utulivu ambao vijana wengi leo wangeuona wa kuchosha, na kila noti inasikika. Ila muulize mwenyekiti wa kamati ya harusi kama matarumbeta yamekodiwa. Yakiwa yanangoja mlangoni, yataanza mara maharusi watakapotokeza, katika ufunguo wao na kwa mapigo yao, na vyombo viwili vikigombana hakuna kinachosikika. Tunapatana hivi: kinanda kinawasindikiza hadi kizingitini, na matarumbeta hayapulizwi mpaka nimalize. Jenereta nayo iwashwe na kujaribiwa asubuhi, maana umeme ukikatika katikati ya kutoka, kibodi haina pumzi ya akiba.

Nota za kipande chochote kisicho cha kawaida zinifikie mwezi mmoja kabla, zikiwa nota kweli. Video nitaisikiliza, lakini vidole hujifunza kutoka kwenye karatasi. Na siku ya mazoezi, ambayo kwetu huwa Ijumaa jioni, wachumba waje na wasimamizi na watoto wa maua, watembee kutoka mlangoni hadi mbele mara mbili. Bibi harusi avae viatu vile vile atakavyovaa kesho yake. Mimi nitakuwa kwenye kinanda, macho kiooni, nikihesabu hatua.